Kuku wa Mawese Juu ya Wali: Historia ya Chakula cha Maniema

Kuku wa mawese anayeliwa Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema mashariki mwa Kongo, ni kuku wa kienyeji aliyepikwa taratibu kwenye makaa, saa mbili au zaidi, ndani ya mchuzi mzito wa chikichi uliokolezwa vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Sehemu nyingi za Kongo humwita moambe na kumhesabu kuwa chakula cha taifa. Magharibi mwa nchi huliwa zaidi kwa kwanga au kwa fufu. Maniema humwaga juu ya wali, na nyumba zinazofuata desturi ya pwani humtia bizari, mdalasini na karafuu. Mapishi haya yalijengwa kwa zaidi ya karne moja, na sehemu kubwa ya ujenzi huo ilifanywa na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Vitu vinavyoingia chunguni havikufika pamoja. Mchikichi ni mti wa asili wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ukingoni mwa msitu wa mto Lualaba watu walikuwa wakikamua mafuta yake kabla msafara wowote haujafika. Kuku asili yake ni Asia, lakini alikwishaenea Afrika karne nyingi nyuma, akawa mfugo wa kila kijiji. Pilipili kali, nyanya na muhogo vilitoka Amerika baada ya mwaka 1500, vikaletwa pwani za Afrika na merikebu za Wareno, kisha vikaingia bara kutoka mkono hadi mkono, soko hadi soko. Mchele na viungo vikavu ndivyo vilivyochelewa. Hivyo viliingia Maniema kutoka mashariki katika karne ya 19, vichwani mwa wapagazi.

Namna yenyewe ya kupika, yaani kumwacha kuku alainike polepole ndani ya viungo mpaka maji yakauke na mafuta yapande juu, inajulikana katika eneo pana la dunia ya Kiislamu. Huko Moroko kuku hupikwa ndani ya tajine, chungu cha udongo chenye mfuniko uliochongoka, juu ya makaa machache. Mvuke hugonga mfuniko na kurudi chini, vitunguu huyeyuka, na tangawizi, bizari, zafarani na ndimu iliyotiwa chumvi huingia hadi mfupani. Mwandishi wa Andalusia, Ibn Razin al-Tujibi, aliyehamia Tunis katika karne ya 13, aliacha kitabu kikubwa cha mapishi ya Andalusia na Maghreb ambamo nyama za ndege zina sehemu yao. Mapishi ya aina hiyo, basi, yalikwisha kuwa elimu iliyoandikwa zamani hizo.

Mtu wa kwanza anayejulikana kueleza kwa kirefu mlo wa pwani ya Afrika Mashariki naye alitoka Maghreb. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Aliyekulia kwenye ndimu za chumvi za Moroko hakukosa kitu cha kumkumbusha nyumbani. Kilicho muhimu zaidi kwa historia hii ni kwamba wali chini na kuku wa mchuzi juu, ule mpangilio ambao Kindu huutambua leo, ulikuwa desturi ya heshima upande wa pwani karne tano kabla haujavuka Ziwa Tanganyika.

Safari ya kwenda bara ilianza kwa nguvu baada ya Sayyid Said wa Omani kuhamishia makao yake Unguja, miaka ya 1830 na 1840. Karafuu zilistawi kisiwani, pembe za ndovu zikapanda bei, na misafara ikazidi kupenya ndani: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa mpaka Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Wafanyabiashara hao walisafiri na mbegu za mpunga, miche ya matunda, viungo na wapishi. Popote walipotua kwa muda mrefu walijaribu kula kama nyumbani.

Jinsi walivyofanikiwa inaonekana katika maandishi ya Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta David Livingstone. Alipofika Tabora mwaka 1871, watumwa walimletea masinia kutoka kwa wakubwa wa Kiarabu wa mji: wali, bakuli la kuku wa bizari, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na ndimu. Tabora iko mbali na bahari kwa safari ya miezi ya miguu, lakini meza yake ilikuwa ya Unguja. Mwishoni mwa mwaka huohuo Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Siku hiyo walikula pamoja vyakula vilivyotoka katika nyumba tatu za mji: maandazi ya nyama kutoka kwa Sayyid bin Majid, wali na nyama ya mbuzi kutoka kwa Mwinyi Kheri, na kuku wa bizari kutoka kwa Muhammad bin Sali.

Livingstone alikuwa ametoka Maniema, na huko alikuwa ameshuhudia jambo ambalo historia ya kuku katika mkoa huu haiwezi kulipita. Nyangwe, mji uliokuwa umekaliwa na watu wa pwani tangu miaka ya 1860, ulikuwa na soko kubwa kando ya Lualaba. Wengi wa waliokuja kuuza walikuwa wanawake, waliovuka mto kwa mitumbwi wakiwa na kuku, samaki, mawese, chumvi na muhogo. Livingstone alilipenda soko hilo, akawa akienda kutazama watu wakibishana bei na kucheka. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu 3 wa Dugumbe, mfanyabiashara wa pwani, wameingia sokoni na bunduki, jambo lisilokuwa desturi. Mmoja wao alikuwa akivutana na mwuzaji juu ya kuku. Livingstone hakuwa amefika mbali bunduki zilipolia katikati ya umati. Watu walikimbilia mitumbwini, mitumbwi ikazama, na walioogelea wakachukuliwa na mkondo. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Taarifa ya Livingstone ilipofika Ulaya iliongeza shinikizo la Uingereza juu ya Unguja, na mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la kisiwa hicho.

Ni lazima tukio hili litajwe katika simulizi ya chakula, kwa sababu mapishi ya pwani hayakuingia Maniema kama zawadi. Yaliingia pamoja na bunduki, na mengi yalipikwa na watu waliochukuliwa kwa nguvu.

Soko lenyewe lilifufuka. Stanley alipopita Nyangwe mwaka 1876, akielekea kuteremka na mto mpaka bahari ya Atlantiki, aliorodhesha bidhaa alizoziona: kuku na mayai, mbuzi, nguruwe weusi, mawese na chikichi zake, pilipili, karanga, ndizi, muhogo na unga wake, samaki wabichi na wakavu, konokono, kumbikumbi, chumvi na tembo. Orodha hiyo inaonyesha jiko la wenyeji lilivyokuwa limetimia. Mwanamke wa Kigenia au wa Kikusu hakuhitaji mtu wa kumfundisha mchuzi wa kuku kwa chikichi. Vitu vyote alikuwa navyo isipokuwa mchele na viungo vikavu.

Hivyo viwili vilikuwa Kasongo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, alijiimarisha huko katikati ya miaka ya 1870, na katika miaka iliyofuata msitu ulifyekwa na kugeuzwa mashamba. Daktari Sidney Langford Hinde, Mwingereza aliyetumikia jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliukuta mji huo mwaka 1893 umezungukwa na miwa, mahindi, matunda na mpunga. Aliandika kwamba alipita amepanda mnyama katikati ya shamba moja la mpunga kwa saa moja na nusu. Shamba la ukubwa huo lilimaanisha jeshi la walimaji, wengi wao mateka, na vinu vya kutosha kukoboa mavuno yake.

Ndani ya nyumba za Kasongo na Nyangwe ndipo majiko mawili yalipokutana. Mabwana walitoka Unguja, Mrima au Tabora. Wake zao, masuria na wapishi walikuwa wanawake wa Maniema na wa nchi jirani. Bwana alitaka mchuzi wa kuku aliouzoea, lakini tui la nazi halikuwapo, na samli ilikuwa adimu katika nchi ya msitu isiyofaa ng'ombe. Mpishi alikuwa na mawese, tena alijua kuyatumia tangu utotoni kwa mama yake. Kwa hiyo chikichi ilikaa mahali pa nazi. Kilichotokea hapo kilikuwa kizuri kuliko nakala ya mchuzi wa pwani: ladha nzito ya udongo na matunda ya msituni ilipokea vizuri tangawizi na karafuu, na wali ukanywa mafuta mekundu bila kupoteza chembe zake. Hakuna aliyeandika ni lini wala ni nani. Ila hakuna aliyekuwa na ujuzi wa pande zote mbili zaidi ya wanawake hao, na haki ya kazi hiyo ni yao.

Vita vya Dola Huru dhidi ya watu wa pwani, kuanzia 1892 hadi 1894, vilivunja utawala wa nyumba hizo. Jeshi la Francis Dhanis liliiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Tippu Tip mwenyewe alikwishaondoka, akafia Unguja mwaka 1905. Lakini waliovaa kanzu, waliosali na waliosema Kiswahili hawakuondoka. Wengi walikuwa wenyeji waliolelewa katika uungwana, na Maniema ikabaki kuwa kitovu cha Uislamu wa Kongo. Mpunga nao ulibaki. Wabelgiji waliobomoa miji ya Waarabu walikula mchele wa mashamba ya miji hiyo.

Kindu ilikuja kuwa mji mkubwa kwa sababu ya maporomoko. Kutoka Ubundu, uliokuwa ukiitwa Ponthierville, meli huweza kupanda Lualaba mpaka Kindu. Juu ya hapo mto huanza kukatwa na miamba. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa mtaji wa tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, ilijenga njia ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo ili kuzunguka miamba hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1910 treni zilikuwa zikipita. Mji ukapewa jina la Kindu-Port-Empain. Ukawa mahali ambapo mizigo ilishuka melini na kupanda gari la moshi, na watu wa makabila mengi, Wakusu, Wasongola, Wagenia, Warega, Wabinja, wakakaa mtaa mmoja na kukopeshana moto. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pamoja. Wali ulikuwa chakula chao cha pamoja, mbele ya muhogo ambao kila mmoja alikuwa nao kwao.

Mchele huo ulikuwa na uchungu wake. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ililazimisha kilimo cha mazao fulani, na katika Maniema mpunga na pamba vilikuwa miongoni mwake. Mwanakijiji alipimiwa shamba, akakaguliwa, na aliyeshindwa aliadhibiwa. Kiasi kikubwa kiliwalisha askari, wafanyakazi wa migodi na wa reli. Hata hivyo shamba lililolazimishwa liliifanya sahani ya wali kuwa ya kila mtu. Chakula kilichokuwa cha bwana wa Kasongo kilifika kwa mpakiaji mizigo wa bandari ya Kindu, angalau siku ya sikukuu.

Katika nyumba hizo za mjini ndipo mapishi yalipotulia katika umbo linalojulikana sasa. Kazi huanza na chikichi, si na kuku. Matunda huchemshwa mpaka ganda lilegee, humwagwa kinuni yangali moto, na kutwangwa kwa mkono mwepesi, kwani mchi ukishuka kwa nguvu kokwa hupasuka na kuleta uchungu. Maji ya uvuguvugu huongezwa, mchanganyiko hukamuliwa kwa viganja na kuchujwa. Kinachotoka ni rojo la rangi ya chungwa lililoiva. Nyuzinyuzi zilizobaki huanikwa na kutumiwa kuwashia moto, na kokwa huwekwa kando, zipasuliwe siku nyingine kwa ajili ya mafuta ya mise. Rojo hurudishwa jikoni na kuchemka peke yake mpaka lipungue na povu liishe.

Kuku huchinjwa, hunyonyolewa kwa maji ya moto na kubabuliwa juu ya miali ili vinyoya vidogo viungue. Hukatwa kwa maungio. Vipande hupakwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, na ndimu, kisha huachwa vinywe. Baadaye huwekwa chunguni bila maji, na kufunikwa. Kuku hutoa maji yake mwenyewe, na maji hayo yakikauka ngozi huanza kushika rangi katika mafuta yake. Hapo ndipo vitunguu huingia, na kijiko cha mawese, na nyanya. Mpishi mwenye haraka huruka hatua hii na kumwaga rojo moja kwa moja juu ya nyama mbichi. Mchuzi wake huwa mwekundu vilevile, lakini ladha hukaa juujuu, nyama kivyake na mafuta kivyake.

Rojo likishaingia, makaa hupunguzwa. Mbabula, jiko la makaa la Kongo ya mashariki, hufaa kuliko moto wa kuni kwa sababu joto lake hutulia. Pilipili huwekwa nzima, na kikonyo chake, ili itoe harufu bila kupasuka. Bizari, mdalasini na karafuu, kwa wanaovitumia, hutiwa mapema vikiwa vichache, kwa kuwa mawese hayapendi kushindana. Jogoo mzee anaweza kudai saa tatu. Dalili ya kuiva ni ileile inayotafutwa na mpishi wa Fez juu ya tajine yake: mchuzi unaacha kuchemka kwa fujo, unashikamana na mwiko, na mafuta yanajitenga na kupanda juu. Chungu huondolewa motoni, kikapumzika wakati wali unapaliliwa. Firigisi humwendea baba au mgeni wa heshima.

Mapishi haya ya saa nyingi huhitaji amani, na Kindu haikuipata daima. Mji ulifanywa makao makuu ya mkoa wa Maniema mwaka 1988, mkoa ulipotengwa na Kivu. Miaka 10 baadaye, Oktoba 1998, waasi wa RCD waliuteka, na kwa miaka kadhaa reli haikufanya kazi na barabara zilikuwa hatari. Mifugo ya vijijini iliporwa na watu wenye silaha wa kila upande. Chumvi, ambayo Maniema huitegemea kutoka nje, ikawa bidhaa ya thamani. Sombe, yaani majani ya muhogo, yaliyopikwa kwa mawese kidogo, yalikuwa mboga ya siku nyingi mfululizo. Walioudumisha mji ni vijana wa baiskeli, waliosukuma magunia ya mchele na madumu ya mawese kwa mamia ya kilomita kwenye njia za msituni. Vita vilipokwisha rasmi mwaka 2003, kuku walikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kurudi, kwa sababu jozi moja ya mitetea hujaza ua haraka kuliko mbuzi.

Siku hizi mji umegawanyika katika komuni za Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi wa mto, na Alunguli ng'ambo. Kuku wa vijijini huvuka kwa mtumbwi wakiwa wamefungwa miguu, kama walivyovuka kwenda soko la Nyangwe. Bei yao humfanya kuku wa mawese kuwa chakula cha Idi, Krismasi, harusi na mgeni aliyetoka mbali. Siku za Idi, nyumba za Waislamu huweza kumpika pamoja na pilau, na wali mweupe hubaki kuwa wa kuliwa kwa mawese. Ramadhani ikiwa ya mvua nyingi na makaa yameloa, kuku huyo huanza kupikwa mapema baada ya adhuhuri ili awahi futari.

Katika miji mikubwa ya Kongo kuku wa barafu kutoka nje amechukua nafasi kubwa, na kwa mapishi haya ana tatizo moja: nyama yake hulainika na kuachana na mfupa kabla rojo halijaiva. Wapishi wanaoujua ugonjwa huo hugeuza mpango. Rojo la chikichi huivishwa peke yake hadi mafuta yapande, na kuku aliyekaangwa kidogo huingizwa mwishoni, kwa robo tatu ya saa tu. Wakongo wa Brussels, wanaonunua mahitaji yao katika maduka ya Matonge, hutumia rojo la chikichi la kopo, lakini wengi hutafuta kuku mzee wa mayai anayeuzwa kwa ajili ya supu. Huyo huvumilia saa zake mbili chunguni, na mchuzi wake hukaribia ule wa Kindu.